Kasha la Kuchukulia Hedifoni

Wengi wenu mmekwisha kuniona nikipita njia ya kwenda karakana nikiwa na kipande cha bomba la choo kwapani, na baadhi yenu mmenipa jina kwa sababu hiyo. Sikasiriki. Naona yafaa nieleze habari yenyewe tangu mwanzo, ili yeyote atakaye kutengeneza kasha kama lile asirudie makosa yangu, maana yalinigharimu muhula mzima, mayai 3, na pembe moja ya godoro langu.

Bwenini kitanda changu kimekaribiana na kitanda cha mwenzangu mmoja asiyeona. Tumo kidato kimoja, tena mkondo mmoja. Yeye huandika kwa mashine ya nukta nundu iitwayo Perkins, ambayo ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1951 na hata leo haijabadilika sana. Ni ya chuma, na uzito wake ni karibu kilo 5. Kuandika basi si shida kwake. Shida ni kusoma. Vitabu vya nukta nundu ni vichache, na kitabu kimoja cha kawaida kikigeuzwa kuwa nukta nundu huwa majalada kadhaa manene. Kwa hiyo sisi tunaoona humsomea, naye hutunasa katika kinasa sauti kidogo, kisha husikiliza peke yake saa za kujisomea usiku. Hapo ndipo hedifoni inapohitajiwa. Darasa la usiku ni la kimya. Kinasa sauti kikisema kwa spika yake, watu 40 watalazimika kusikiliza habari za mmomonyoko wa udongo hali wao wamo katika hesabu, na kiranja atafika mbio. Asiyeona akikosa hedifoni, saa zile mbili hukaa mikono mitupu akisikia wenziwe wakifunua kurasa.

Shule yetu ililetewa hedifoni 8. Mtunza stoo alizipa namba, moja mpaka nane, kwa rangi nyeupe. Mwanzoni mwa muhula wa kwanza wa mwaka huu zilikuwa zimebaki nzima 3 tu, na wanaozihitaji ni 6, nao walizitumia kwa zamu. Usiku mmoja ilikuwa zamu ya mwenzangu. Alifungua begi lake, akapapasa, akatoa hedifoni ikiwa vipande viwili: kikombe cha sikio kimoja kimeachana na upinde wa kichwani. Hakusema neno. Alivirudisha vipande begini, akakunja mikono juu ya meza, akaweka kichwa. Mtihani wa majaribio ulikuwa baada ya siku 9.

Kesho yake nilikwenda kwa mwalimu wetu wa Fizikia, nikamwambia nataka kushona mfuko mzuri wenye sponji. Akaniuliza, "Umejuaje kwamba dawa ni sponji?" Nikanyamaza. Akasema, "Kabla ya kushona mfuko, wafungue maiti kwanza uone wamekufa kwa ugonjwa gani." Maiti ni zile hedifoni 6.

Basi nilizipanga juu ya meza ya maabara, nikazifungua kwa bisibisi ndogo. Ndani ya kila kikombe cha sikio mna spika ndogo. Spika hiyo ina utando mwembamba wa plastiki, na nyuma ya utando imegandishwa koili ya waya mwembamba kama unywele, nayo koili imezungukwa na sumaku. Umeme wa sauti ukipita katika koili, sumaku huisukuma na kuivuta, utando hutikisika pamoja nayo, nasi twasikia maneno. Kazi hii si ya jana. Nathaniel Baldwin wa Utah, huko Marekani, alitengeneza hedifoni zake jikoni kwake, na mnamo mwaka 1910 aliliuzia jeshi la wanamaji la nchi yake. Zile za kusikilizia muziki wa stereo zililetwa sokoni na John Koss wa Milwaukee mwaka 1958. Zimebadilika sana tangu hapo, lakini koili, sumaku na utando vimo bado.

Nilidhani nitakuta tando zimepasuka kwa kuanguka. Sikukuta hata moja. Tatu ziliharibika waya: mbili zilikatika pale waya utokapo katika pini, na moja pale unapoingia katika kikombe. Mbili zilivunjika mkono, yaani kile kipande cha plastiki kinachoshika kikombe na kukiunga na upinde. Ya sita ilinishangaza sana. Haikuwa na ufa wala waya uliokatika, ila sauti yake ilikwaruza kama debe lenye mchanga. Nilipoifungua nikakuta unga wa chuma umetanda juu ya utando. Mwenye kuitumia alikumbuka kwamba siku za usafi aliitia begini pamoja na ule waya wa chuma wa kusugulia masufuria. Sumaku iliuvuta unga wake ukapenya katika vitundu vya kikombe.

Hapo nikaanza kuelewa. Sisi sote huogopa chombo kisianguke, maana kuanguka kuna kishindo, na aliyekiangusha huonekana. Kumbe hizi zetu ziliuawa kimya kimya. Waya ulikufa kwa kukunjwa. Mikono ilikufa kwa kugandamizwa na mashine ya kilo 5 ndani ya begi moja, na ya sita ilikufa kwa vumbi. Hata hivyo sikuacha kuogopa kuanguka, kwa kuwa sakafu zetu ni za saruji na ngazi za bweni mnazijua wenyewe.

Jambo jema ni kwamba waya uliokatika hutibika. Fundi redio wa mjini alizikata zile tatu mahali palipo pabovu, akatia pini mpya na kuunga kwa risasi, tukawa na hedifoni 5 zinazosema. Hizo 5 ndizo zilizohitaji makasha. Mwenzangu alipewa Namba 4.

Kasha langu la kwanza lilikuwa mfuko tu. Nilikata pembe ya godoro, fundi cherehani akalifunika kwa kitenge cha maua mekundu, akatia zipu. Lilipendeza, na watu waliniomba niwashonee wao vilevile. Nilitia yai ndani, nikaliangusha kutoka juu ya dawati. Yai halikupata hata ufa. Nikajiona fundi. Kisha mwalimu akamwita kijana mmoja wa kidato cha tatu akamwambia akalie mfuko ule kama mtu anavyokalia begi bila kujua. Sina haja ya kueleza yaliyolipata lile yai, wala ile zipu.

Nikaruka upande wa pili. Nilitengeneza sanduku la plaiwudi, gumu, nikalitandika ndani kitambaa kinene cha blanketi. Yule kijana alisimama juu yake kwa miguu miwili, naye ana kilo 60, nalo halikulia. Lakini tulipoliangusha kutoka dawatini, yai la pili likavunjika ingawa sanduku lilikuwa zima kabisa. Jambo hili lilinisumbua usiku kucha. Nyumba imesimama, mwenye nyumba amekufa!

Fizikia tunafundishwa kwa Kiingereza, nami nitajaribu kuieleza hapa kwa Kiswahili. Nikikosea neno mtanisamehe. Hedifoni yetu ina gramu 250, yaani robo kilo. Dawati lina urefu wa sentimita 80. Chombo hicho kikianguka kutoka hapo hufika chini na nishati ya jouli 2, nayo ni uzito wake, nyutoni 2.5, mara urefu wa mita 0.8. Nishati hiyo hapana budi iishe kabla chombo hakijatulia. Swali ni hili: itaisha katika umbali gani? Kikifikia saruji na kusimama katika milimita 1 tu, nguvu inayokipiga kwa wastani ni jouli 2 kugawanya kwa mita 0.001, yaani nyutoni 2000. Huo ni sawa na uzito wa mifuko 4 ya saruji ya kilo 50. Kikipata kitu laini kinachobonyea sentimita 2 kabla ya kukisimamisha, nguvu hushuka mpaka nyutoni 100, sawa na uzito wa nusu ndoo ya maji. Kuanguka ni kule kule na nishati ni ile ile, ila kimepewa nafasi ya kusimama polepole.

Blanketi langu lilibonyea kidogo mno. Plaiwudi ilijilinda yenyewe, ikampa yai kipigo chote. Mwalimu aliniambia niache kulihurumia kasha: lianguke lipendavyo, likwaruzike, lakini kilichomo ndani kipewe sentimita zake mbili.

Kwa hiyo kasha linatakiwa liwe na tabia mbili zinazogombana. Kwa ajili ya kuanguka liwe laini ndani, na kwa ajili ya kugandamizwa liwe gumu nje. Nilichukua lile sanduku la plaiwudi, nikaling'oa blanketi na kutia sponji, nikaweka mpini wa ngozi juu ili lishikwe vizuri, nikalipaka vanishi. Yai la tatu lilipona kuanguka, likapona kukaliwa. Usiku ule tulilichemsha, nikampa mwenzangu nusu, kisha nikamkabidhi kasha lake.

Alilipapasa pande zote, akanishukuru. Akalifungua. Kumbe alikuwa amelishika juu chini, maana mimi nilikuwa nimelifanya chini na juu kuwa sawa kabisa, kwa uzuri. Hedifoni ikaanguka juu ya godoro lake. Hakukasirika. Akairudisha, akaufunga mfuniko, nao ukauma waya. Akautoa waya, akafunga tena. Kisha akasimama kama mtu anayekwenda darasani. Mkono wa kulia akashika mpini wa kasha langu. Mkono wa kushoto akabeba mashine yake. Akatulia hivyo kidogo, halafu akaniuliza, "Na fimbo nitaishika kwa nini, ndugu yangu? Kwa meno?"

Vijana wa vitanda vya jirani walicheka, na mimi nilicheka nao, lakini niliona haya. Tangu kidato cha kwanza nimelala karibu naye. Kila asubuhi namwona akitoka, mashine mkono huu, fimbo nyeupe mkono huu. Nimepima hedifoni kwa mizani ya maabara, nimepima dawati kwa rula, na mikono yake miwili sikuihesabu. Akaniambia, "Kesho ukae nalo saa nzima umefumba macho. Usifumbue mpaka kengele." Nilifanya hivyo, nimefungwa kitambaa usoni, na katika saa ile moja nilijifunza kuhusu makasha kuliko katika majuma yote yaliyotangulia.

La kwanza ni kwamba kidole kinataka alama. Mtu anayeona hutambua mbele na nyuma bila kufikiri. Aliyefumba hulizungusha kasha kama anayetafuta mlango wa nyumba ngeni. La pili ni kwamba kila kitu ndani kinataka mahali pamoja tu pa kukaa. Kama hedifoni yaweza kulala kwa namna nne, mtu atailaza kwa namna ya tano. La tatu ni waya. Waya ni adui. Nikiwa nimefumba macho niliuzungusha kwenye vikombe kwa kuukaza, kama watu wote wafanyavyo, nikasikia kwa vidole jinsi unavyokunjika kwa ukali pale pale karibu na pini. Ndani ya waya mna nyuzi nyembamba za shaba. Shaba ikikunjwa na kukunjuliwa mahali pamoja huwa ngumu, kisha hukatika, kama mnavyokata waya bila koleo kwa kuupinda huku na huku. Waya hukatika uzi mmoja baada ya mwingine. Kwanza sauti hukoroma, kisha sikio moja hunyamaza.

Basi nikalianza kasha la tatu, na hili ndilo lililoleta bomba la choo.

Mafundi waliojenga vyoo vipya waliacha vipande vya bomba la plastiki, lile waliitalo PVC, la inchi 4 na la inchi 3. Plastiki hii hulainika ikifikia joto la nyuzi 80 hivi, na maji yanayochemka yana nyuzi 100, kwa hiyo sufuria kubwa na kuni zatosha. Nilipasua kipande cha bomba la inchi 4 kwa msumeno, kwa urefu, nikakitumbukiza katika maji yanayochemka mpaka kikalegea kama ngozi mbichi, nikakitoa kwa mbao mbili na kukibana katikati ya mbao hizo mpaka kikapoa. Hapo ukapatikana ubao wa plastiki wenye upana wa sentimita 34. Nikaulegeza tena, nikaulaza juu ya gogo la mnazi nililolichonga mgongo wa mviringo, nikaufunga kwa mipira ya baiskeli. Ulipopoa ukawa mfuniko wenye mgongo kama gamba la kobe. Mgongo una faida: mzigo ukikaa juu yake hupelekwa pembeni, kwenye kuta, wala haubonyei katikati kama ubao ulionyooka. Jambo moja nalisema kwa mkazo kwa atakayejaribu: msiiweke plastiki hii juu ya moto wenyewe. Ikiungua hutoa moshi wa tindikali unaokaba koo na kudhuru mapafu. Tumia maji tu, na uvae glavu au ushike kwa mbao, maana nilibabuka kidole cha shahada nikiwa na haraka.

Kuta na sakafu ya kasha ni plaiwudi. Ndani lina sentimita 21 kwa 23, kuta zimekwenda juu sentimita 8, na mfuniko umeongeza 6 katikati. Chini nilitandika nyayo za kandambili. Wengi walicheka, lakini kandambili nyingi za siku hizi ni povu liitwalo EVA, lenye vijumba vidogo vilivyofungwa kila kimoja, kwa hiyo halinywi maji na halilali upesi likikanyagwa. Mmekwisha kulijaribu ninyi wenyewe kwa miguu yenu. Juu ya kandambili nilitia sponji ya godoro. Sponji hutangulia kubonyea, kandambili hukamata mwisho. Ukitia sponji peke yake, tena nyepesi, chombo huipita yote kikagota kwenye ubao, na hesabu yako ya sentimita mbili imekuwa bure.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni pete. Nilikata pete moja ya bomba la inchi 3, nikaigandisha katikati ya sakafu kwa gundi ya viatu na misumari mifupi ya shaba. Hedifoni inapolala, vikombe vyake viwili hukaa kushoto na kulia kwa pete, nayo huvizuia visisukumwe kukutana. Haiwezekani kuilaza vingine. Ndani ya pete hukaa waya, umezungushwa kwa duara legevu kama mdomo wa kikombe cha chai, na pini juu yake. Mkono ukiingia kasha hukutana na pete kwanza, na kutoka hapo wajua kila kitu kilipo. Karibu na pini yenyewe nilivalisha springi ya kalamu ya wino mkavu, ili waya usipate kupinda kwa ukali. Misumari niliichagua ya shaba kwa makusudi, maana sumaku haiivuti.

Kwa nje, upande wa mbele wa mfuniko nimetia vifungo viwili vya shati kama alama. Namba 4 imeandikwa kwa nukta nundu juu ya kipande cha kopo la soda. Mwenzangu aliidunga mwenyewe kwa kalamu yake ya chuma, nami nikakunja kingo zisimkate mtu. Zipu nimeiacha, kwa kuwa mchanga wa hapa huiua katika mwezi mmoja. Mfuniko unafungwa kwa kitanzi cha kamba na kijiti, kama vifungo vya makoti ya zamani, na hufunguliwa kwa mkono mmoja. Ukingo wake nimeuzungushia utepe wa mpira wa tairi ya ndani ili vumbi lisipite. Mpini nimeutupa. Kasha lina mkanda mrefu unaopita begani na kulala kifuani kwa mshazari. Fundi viatu alinionyesha namna ya kuushona kwa shazia na uzi uliopakwa nta.

Kuhusu unyevu sina mengi. Sisi tu karibu na bahari, na ngozi bandia ya vikombe huota ukungu na kubanduka kama ikifungiwa na jasho. Mwenzangu huifuta hedifoni kwa kitambaa kikavu, huiacha wazi kidogo kabla ya kuifunga, na ndani ya kasha tumetia vile vipakiti vya punje vinavyokaa katika maboksi ya viatu vipya. Punje zikishiba maji hukaushwa kwa joto dogo, zikatumika tena.

Kasha la kwanza la namna hii lilikuwa na gramu 800. Mwenzangu alilivaa siku mbili, akasema bega linauma. Nilitoboa matundu makubwa katika kuta, nikayaziba kwa turubai jembamba, likashuka mpaka gramu 650. Nilitaka kutoboa na sakafu, mwalimu akanikataza. Nadhani alikuwa na haki, ingawa bado naona gramu 50 zingetoka.

Majaribio tulifanya kwa hedifoni iliyokufa, maana mpishi alikataa kuniuzia yai la nne. Liliangushwa kutoka dawatini mara 20, kwa pande zote na pembe zote. Kijana wa kilo 60 alilisimamia, akaruka ruka bila kuambiwa. Likawekwa chini ya mashine ya nukta nundu usiku mzima. Mkono wa hedifoni haukupata ufa. Pembe moja ya kasha ilipasuka, nikaifunga kwa bati.

Sasa nimemaliza makasha 3, na mawili yako karakana. Tangu muhula wa pili ulipoanza hapana hedifoni iliyovunjika kati ya zile zenye makasha. Mwezi uliopita Namba 4 ilishuka ngazi za bweni peke yake, vidato 11, mwenzangu akiwa juu anasikiliza inavyokwenda. Aliniita. Tuliteremka wote wawili, nikaliokota, nikampa alifungue mwenyewe. Akaingiza mkono mpaka kwenye pete, akatoa waya, akachomeka pini, akavaa. Alisimama pale muda mrefu bila kusema kitu, mpaka nikamshika bega nikamwuliza kama ni nzima. Akaniashiria ninyamaze. Alikuwa akisikiliza somo la Historia, kwa sauti yangu mimi, na alitaka sentensi iishe.

Kasoro iliyobaki ni bawaba. Niliifanya kwa mpira wa tairi ya ndani, nao umeanza kupasuka pembeni katika makasha yote 3, nadhani kwa jua. Fundi viatu asema ngozi ya ulimi wa buti kuukuu itadumu zaidi. Mwenye buti lililokwisha asilitupe, na mwenye kandambili iliyokatika kamba lakini unyayo mzima, aniletee bwenini, kitanda cha mwisho upande wa dirisha. Ikiwa sipo, ampe jirani yangu. Yeye huzitambua zile zilizolala kwa kuzibonyeza kwa kidole gumba, na hazipokei.